Kwasa J0529-4351: namba zake zilipimwaje, na ipi tuiamini

Swali: Ninafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Niliwasomea wanafunzi habari ya kwasa J0529-4351: kwamba inang'aa kuliko kitu chochote kinachojulikana, kwamba katikati yake kuna shimo jeusi lenye masi ya majua bilioni 17, na kwamba shimo hilo linameza jua moja kila siku. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Nani alikwenda kupima?" Darasa likacheka, lakini mimi sikuwa na jibu la kuridhisha. Baadaye nikakuta pengine imeandikwa kwamba masi yake ni majua milioni 800 tu. Tuamini lipi? Na je, kwasa hiyo inaonekana kutoka huku kwetu?

Jibu: Mwalimu, mpe mwanafunzi huyo hongera zangu, maana ameuliza jambo ambalo habari nyingi za anga hulipita kimya. Hakuna aliyekwenda, na hakuna atakayekwenda. Yote tunayoyajua kuhusu kwasa hii yametoka kwenye nuru yake: rangi zake, ukali wake na namna inavyobadilika. Ila namba zinazosomwa kwenye nuru hiyo hazilingani kwa uimara. Ile inayotupa umbali haina ubishi. Mng'ao unaaminika kwa kiasi kikubwa. Masi ya shimo jeusi ndiyo namba tete kuliko zote, na ndiyo iliyopandishwa kwenye vichwa vya habari. Bilioni 17 na milioni 800 zote zilitolewa na wanasayansi makini kwa vipimo halali, na tofauti yao ina sababu inayoeleweka. Nitafika hapo, lakini ni vizuri tuanze na yaliyo imara.

Kwanza kitu chenyewe. Karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi kubwa katikati yake. La galaksi yetu lina masi ya majua milioni 4 hivi, na kwa sasa halipati chakula cha maana, kwa hiyo limetulia. Kwasa ni hali inayotokea pale shimo la namna hiyo linapofikiwa na gesi nyingi mno. Gesi haitumbukii moja kwa moja, kwa sababu inapofika tayari ina mzunguko wake. Inakuwa diski inayolizunguka shimo, tabaka za ndani zikienda kasi kuliko za nje. Tabaka zinasuguana, gesi inapata joto kali, inang'aa, na kadiri inavyopoteza nishati ndivyo inavyosogea ndani. Shimo lenyewe halitoi nuru. Kinachong'aa ni gesi iliyo njiani kuingia, na inang'aa kiasi cha kuizidi galaksi nzima inayoizunguka. Ndiyo maana kwenye picha kwasa huonekana kama nukta moja, hauitofautishi na nyota.

Kufanana huko na nyota ndiko kulikoichelewesha J0529-4351. Imo kwenye picha za anga ya kusini zilizopigwa mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyeishughulikia. Satelaiti ya Gaia nayo iliiona, lakini programu iliyokuwa ikichambua data iliipanga pamoja na nyota, kwa kuwa ilionekana kung'aa mno kuwa kwasa. Programu hizo zilikuwa zimefundishwa kwa kwasa zilizokwisha kujulikana, na hii ilizidi zote. Mwaka 2023 kundi la Christian Wolf wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia liliielekezea darubini yenye kioo cha mita 2.3 iliyoko Siding Spring, ambayo kwa vipimo vya leo ni ya wastani tu, na spektra ya kwanza, yaani nuru yake ikiwa imetawanywa katika rangi zake, ikaonyesha kwamba si nyota. Kisha wakathibitisha kwa darubini kubwa zaidi, VLT iliyoko Paranal nchini Chile, na matokeo yakachapishwa Februari 2024. Kwa maoni yangu hilo ni funzo zuri kwa darasa lako: kitu kinachong'aa kuliko vyote kilikuwa kwenye kumbukumbu zetu muda wote, kikasubiri mtu wa kukitilia shaka.

Sasa umbali. Ukiipitisha nuru ya kwasa kwenye chombo kinachoitawanya kama upinde wa mvua, unaona sehemu zenye mng'ao wa ziada, na kila sehemu ni alama ya elementi fulani. Hidrojeni ina alama yake maarufu kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Hiyo ni nuru ya urujuanimno, ambayo hewa ya Dunia huizuia. Kwenye kwasa hii alama hiyo inapatikana karibu na nanomita 603, yaani katika rangi ya chungwa ambayo hata jicho lingeiona. Alama ya kaboni ambayo maabara huipima kwenye 154.9 inaangukia karibu na 769. Ya magnesi, ambayo mahali pake ni 280, imefika karibu na 1389. Waambie wanafunzi wagawanye kila jozi. Kila mara watapata 4.96. Elementi tatu tofauti, kwenye sehemu tatu tofauti za spektra, zinatoa jibu moja, na hakuna bahati inayoweza kuzipanga hivyo. Ndiyo maana nimesema namba hii haina ubishi: kila wimbi lililotoka kwenye kwasa hiyo limenyooka karibu mara tano kabla ya kutufikia.

Njia hii ina historia ambayo huwa naipenda. Mwaka 1962 Cyril Hazard na wenzake walitumia darubini ya redio ya Parkes, Australia, kusubiri Mwezi upite mbele ya chanzo cha redio kiitwacho 3C 273. Dakika ile mawimbi yalipokatika, na dakika yaliporudi, ziliwapa mahali hasa kilipo, kwa kuwa ukingo wa Mwezi unajulikana ulipo kila sekunde. Mahali hapo palikuwa na kitu kilichofanana na nyota. Maarten Schmidt akachukua spektra yake kwa darubini ya Palomar, Marekani, akakuta mistari ambayo haikulingana na elementi yoyote. Mwaka 1963 akatambua kwamba ni hidrojeni ile ile ya kawaida, ila mistari yote imesogezwa kuelekea upande mwekundu kwa asilimia 16 hivi. Nyota ya karibu haiwezi kufanya hivyo. Kumbe kilikuwa mbali sana, na kwa hiyo kilikuwa na mng'ao ambao hakuna aliyewahi kuufikiria.

Kunyooka huko kwa mawimbi kunatokana na kupanuka kwa ulimwengu wenyewe wakati nuru iko safarini. Kwa kutumia kasi ya upanukaji inayopimwa leo, mara 4.96 maana yake nuru imesafiri kwa zaidi ya miaka bilioni 12, na ilipoondoka ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 1.5 hivi. Hapa uwe mwangalifu na maneno. Mtu akisema "iko umbali wa miaka ya nuru bilioni 12" anafupisha tu muda wa safari. Nuru ilipoondoka, nafasi kati yetu na kwasa ilikuwa chini kidogo ya miaka ya nuru bilioni 5. Nafasi hiyo imeendelea kupanuka nuru ikiwa njiani, na leo kwasa hiyo, au chochote kilichobaki pale, iko kwenye umbali wa takriban bilioni 24. Namba zote tatu ni sahihi, kila moja ikijibu swali lake.

Ukishajua umbali, mng'ao unafuata kwa kanuni ambayo wanafunzi wako wanaijua: ukali wa nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Unapima kiasi kidogo kinachofika kwenye darubini, unarudisha nyuma kwa hesabu, na kwa umbali wa namna hii unaongeza marekebisho ya upanukaji. Kwa J0529-4351 jibu ni takriban wati 2 × 10⁴¹, zaidi ya mng'ao wa majua trilioni 500. Galaksi yetu nzima, pamoja na mamia ya mabilioni ya nyota zake, haifikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya hapo.

Namba hii ni nzuri, lakini si kama ile ya 4.96. Darubini hupima sehemu fulani za spektra, na sehemu zisizopimwa hukadiriwa kwa mfano wa kwasa nyingine. Pia inachukuliwa kwamba kwasa hutoa nuru karibu sawa pande zote. Halafu kuna hatari ya lenzi. Galaksi ikikaa katikati ya njia, mvutano wake unaweza kupinda nuru na kuikuza, nasi tukadhani kitu kina mng'ao mkubwa kuliko ulivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa kwasa APM 08279+5255 iliyotangazwa mwaka 1998: mng'ao wake wa kutisha ulikuwa umekuzwa na lenzi kwa sehemu kubwa. Watafiti wa J0529-4351 walilichunguza hilo na hawakuona dalili yake.

Tuje kwenye "jua moja kila siku", kwa sababu hili unaweza kulifanya ubaoni na darasa likaona kwamba halikutungwa. Masi inapoangukia kwenye shimo jeusi, sehemu ya mc² yake, yaani nishati yote iliyomo kwenye masi hiyo, hugeuka nuru kabla haijapotea ndani. Sehemu hiyo hutegemea jinsi shimo linavyozunguka. Kinadharia huanzia karibu asilimia 6 kwa shimo lisilozunguka, na inaweza kupita asilimia 40 kwa linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa. Kwa kawaida hutumiwa asilimia 10. Linganisha na Jua letu, ambapo kuunganisha hidrojeni kuwa heli hutoa asilimia 0.7 tu. Sasa gawanya: wati 2 × 10⁴¹, chini yake weka 0.1 mara mraba wa kasi ya nuru, yaani 0.1 × 9 × 10¹⁶. Unapata kilo 2.2 × 10²⁵ kila sekunde, ambazo ni zaidi ya masi ya Dunia tatu. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku moja, utapata kilo 1.9 × 10³⁰. Masi ya Jua ni kilo 2 × 10³⁰. Hilo ndilo jua moja kwa siku.

Angalia kitu ambacho hesabu hiyo haikukihitaji: masi ya shimo lenyewe haimo. Iwe bilioni 17 au milioni 800, mng'ao ni ule ule na mlo ni ule ule, ilimradi asilimia 10 inashikilia. Nitairudia asilimia hiyo, kwa sababu inaweza isishikilie.

Masi, basi. Fizikia yake ni rahisi kuandika: gesi inayozunguka kwa kasi v kwenye umbali R kutoka kwenye shimo inakuambia masi ya shimo, M = v²R/G, ambapo G ni namba thabiti ya mvutano. Ni kanuni ile ile inayotupa masi ya Jua kutokana na mwendo wa Dunia. Ugumu uko kwenye kuzipata v na R za kitu kilicho mbali hivi.

Kasi husomwa kwenye upana wa mistari ya spektra. Gesi inayokuja upande wetu husogeza nuru yake kuelekea bluu, inayokwenda mbali husogeza kuelekea wekundu, na jumla yake ni mstari mpana. Kadiri mstari ulivyo mpana, ndivyo gesi inavyokwenda kasi. Lakini upana wenyewe hausemi gesi inaelekea wapi. Inaweza kuwa inazunguka shimo, na inaweza kuwa inapulizwa nje kama upepo. Ukidhani yote inazunguka, kumbe sehemu yake ni upepo, v itakuwa kubwa kuliko ukweli, na kwa kuwa inaingia ikiwa mraba, kosa la mara mbili kwenye kasi ni kosa la mara nne kwenye masi.

Umbali R nao kwa kwasa za karibu hupimwa kwa kusubiri. Diski ya katikati hupandisha na kushusha mng'ao wake bila mpangilio. Ikipanda, nuru hiyo husafiri hadi kwenye gesi ya nje, na baada ya siku, wiki au miezi mistari nayo hupanda. Muda huo wa kuchelewa, ukiuzidisha kwa kasi ya nuru, ndio R. Ni mbinu safi, na imefanya kazi kwa vitu vingi vya jirani. Kwa J0529-4351 haiwezekani kwa sasa. Eneo lake la gesi lilikadiriwa kuwa na kipenyo cha miaka ya nuru 7, kupita umbali wa kutoka hapa hadi nyota ya jirani kabisa. Kutoka katikati hadi ukingoni ni miaka mitatu na nusu, na kwa sababu ya upanukaji kila muda wa kule tunauona umerefushwa mara tano hivi huku. Ungesubiri kama miaka 17 kuona mwitikio mmoja. Hivyo watafiti walifanya kile ambacho fani nzima hufanya: walichukua uhusiano uliopatikana kwenye kwasa hafifu za jirani, kwamba kadiri mng'ao unavyokuwa mkubwa ndivyo eneo la gesi linavyokuwa pana, wakaurefusha hadi kwenye kwasa inayong'aa kuliko zote zilizotumika kuutengeneza. Kwa njia hiyo ilipatikana bilioni 17. Ilikuwa njia bora iliyokuwepo, na waliitumia kwa uangalifu, lakini ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio.

Kilichobadilika ni kwamba eneo lile la gesi sasa limeweza kupimwa lenyewe. Hebu fikiri ugumu wake. Miaka ya nuru 7 kwenye umbali ule ni sawa na sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 ukiitazama kutoka kilomita 17,000, umbali unaozidi kipenyo cha Dunia. Hakuna darubini moja inayoweza. Lakini kule Paranal kuna darubini nne zenye vioo vya mita 8.2, zilizopewa majina ya lugha ya Wamapuche: Antu, Kueyen, Melipal na Yepun. Nuru ya zote nne hupitishwa kwenye njia za chini ya ardhi, hucheleweshwa kwa vioo vinavyosogea kwenye reli hadi mawimbi yafike pamoja, kisha huunganishwa. Zikiunganishwa hivyo, zinaona kwa ukali wa darubini moja yenye upana wa mita zaidi ya 100. Mwaka 2018 mbinu hii, kwa chombo kiitwacho GRAVITY, ilipima mzunguko wa gesi ya 3C 273 na kupata shimo lenye masi ya majua milioni 300 hivi. Chombo hicho kikaboreshwa kuwa GRAVITY+, na kikaelekezwa kwenye J0529-4351.

Kipimo chenyewe ni cha ustadi mkubwa. Hawakupiga picha ya gesi. Walichukua mistari miwili ya hidrojeni, ambayo kwa kunyooka mara 4.96 imeingia kwenye infraredi, wakapima kitovu cha nuru kinahama kiasi gani ukitoka upande wa bluu wa mstari kwenda upande wa wekundu. Kama gesi inazunguka tu, upande mmoja utakuwa wa bluu na wa pili utakuwa mwekundu, na kitovu kitahama kwa ulinganifu. Hawakuona hivyo. Uhamaji ulielemea upande mmoja. Mfano uliolingana na data, uliochapishwa mwaka 2025, unasema zaidi ya asilimia 80 ya nuru ya hidrojeni inatoka kwenye upepo wenye umbo la pia, unaopuliza kutoka katikati kwa kasi inayofika kilomita 10,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ingeuzunguka ukanda wa ikweta ya Dunia kwa sekunde nne. Sehemu kubwa ya upana wa mistari, ule uliokuwa umehesabiwa kama mzunguko, ulikuwa upepo. Ukiuondoa, kasi ya mzunguko inabaki ndogo, na masi inashuka hadi majua milioni 800.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukiniuliza nisimame wapi, nasimama na milioni 800. Sababu yangu ni kwamba imetoka kwenye kitu chenyewe badala ya kuazimwa kutoka kwa jirani zake, na kwamba inaeleza kwa nini ile ya kwanza ilikuwa kubwa. Nayo inategemea mfano wa kihesabu wenye vipande kadhaa, na kipimo kingine kinaweza kuisogeza. Nisingeshangaa ikipanda au ikishuka kidogo. Kurudi kwenye bilioni 17 kungenishangaza.

Ukubwa wa shimo lenyewe hubadilika sambamba na masi. Kwa bilioni 17, mpaka ambao nuru ikishauvuka haiwezi kurudi ungekuwa na nusu kipenyo cha kilomita bilioni 50, kama mara 11 ya umbali kutoka Jua hadi Neptuni. Kwa milioni 800 ni kilomita bilioni 2.4. Ukiliweka mahali pa Jua, ukingo wake ungepita Zohali bila kuifikia Uranusi.

Masi ilipopungua, baadhi ya watu walidhani kwasa hii imepoteza sifa. Mimi naona imezidi kuvutia, na hapa ndipo fizikia inapokolea. Nuru ina msukumo. Gesi inapoanguka ndani inakutana na nuru inayotoka, na kuna kiwango ambacho msukumo wa nuru unalingana na mvutano wa shimo. Mwingereza Arthur Eddington ndiye aliyekihesabu kwa ajili ya nyota, na kinaitwa kikomo cha Eddington. Kinategemea masi tu: shimo zito zaidi linaruhusu mng'ao mkubwa zaidi. Kwa majua bilioni 17, mng'ao wa J0529-4351 uko chini kidogo ya kikomo, hali ambayo inaridhisha. Kwa milioni 800, mng'ao ule ule unazidi kikomo takriban mara 20.

Je, hilo linawezekana? Linawezekana, kwa kuwa hesabu ya Eddington hudhani gesi inaingia kutoka pande zote kwa usawa. Kwenye diski, gesi huingia kwa ubavu na nuru hutoroka kwa juu na chini. Diski ikiwa nene, nuru nyingi hukwama ndani ya gesi na kumezwa pamoja nayo. Hapo ile asilimia 10 yangu inashuka, na ili kupata mng'ao ule ule kinachoingia kwenye diski lazima kizidi jua moja kwa siku, ingawa sehemu yake inapulizwa nje isifike kwenye shimo. Na upepo mkali ndio hasa tungetarajia kuuona pale nuru inapoizidi nguvu gesi. Vitu viwili vilivyopimwa kwa njia tofauti, mng'ao uliopita kikomo na upepo wa kilomita 10,000 kwa sekunde, vinaungana mkono. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya nguvu zaidi ya kuiamini namba mpya.

Kuna jambo jingine linalopata nafuu. Shimo linalokula kwenye kikomo cha Eddington hujiongeza maradufu kila miaka milioni 35 hivi. Ukianza na masi ya majua 100, inayoweza kuachwa na nyota kubwa iliyokufa, unahitaji kujiongeza maradufu mara 27 kufikia bilioni 17, karibu miaka milioni 950 bila kukosa mlo hata mara moja, ndani ya ulimwengu wenye umri wa bilioni 1.5. Inabana. Kwa milioni 800 ni mara 23, kama miaka milioni 800. Na ikiwa mashimo haya hupitia vipindi vya kula kupita kikomo kama tunavyoona hapa, muda unapungua zaidi: kwa mlo wa sasa, shimo la milioni 800 lingejiongeza maradufu kwa miaka milioni 2 na nusu hivi. Tunaliona, inaelekea, katika kipindi kifupi sana cha maisha yake. Kwasa hukoma gesi inapoisha, na upepo kama huu husaidia kuimaliza. Leo hii pale pana uwezekano mkubwa wa kuwa na galaksi kubwa iliyotulia, na shimo lake likiwa kimya kama letu.

Mwisho, kuonekana. Kwa macho hapana, maana ni hafifu takriban mara elfu kumi kuliko nyota hafifu kabisa ambayo jicho zuri hulipata gizani. Lakini mahali pake mnaweza kupaonyesha vizuri sana, kuliko watu wa Ulaya ambao wengi wao haichomozi kabisa kwao. Namba zilizo kwenye jina lake ni anwani: saa 5 na dakika 29 kwenye duara la anga, nyuzi 43 na dakika 51 kusini mwa ikweta ya anga. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, tafuteni nyota tatu za mkanda wa Jabari karibu na utosi. Kutoka hapo shukeni moja kwa moja kusini kwa nyuzi 43. Mtakuwa mnatazama ukingo wa kundinyota la Mchoraji, juu kuume kwa nyota angavu ya Suheli, kama nyuzi 13 kutoka kwake. Ngumi iliyonyooshwa mbele ni nyuzi 10 hivi. Kutoka Dar es Salaam mahali hapo hufika nyuzi 53 juu ya upeo wa kusini, kutoka Nairobi chini kidogo ya 48.

Mkipata darubini yenye kioo cha sentimita 20 na kamera, picha ya dakika kadhaa inatosha kuinasa, na ramani ya nyota za pale itawaonyesha nukta ipi ni yenyewe. Kama mnayo darubini bila kamera, msihangaike na J0529-4351. Nendeni kwa 3C 273 kwenye kundinyota la Mashuke, jioni za Aprili hadi Juni. Ile huonekana kwa jicho kupitia kioo cha sentimita 20 mahali penye giza la kutosha, na nuru yake imekuwa njiani miaka kama bilioni 2. Tangulizeni mazoezi ya kusoma ramani ya nyota mchana darasani, kwa sababu nukta yenyewe haina chochote cha kuitambulisha zaidi ya mahali ilipo.